Fazaa ya bibi na fazaa ya Maskati

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Barua yako nimeipata, na swali la mwanao ndilo lililonikalisha kitako leo. Anasema bibi yake kamwambia kwa simu "nimefazaika", maana yake kaingiwa na hofu kubwa. Na wenzake wa huko Maskati wakisema faz'a wanakusudia watu kumkimbilia mwenzao aliyefikwa na jambo. Anataka kujua nani kakosea.

Hakuna aliyekosea. Neno ni hilo moja la Kiarabu, na tokea huko lina pande mbili: kushtuka kwa hofu ya ghafla, na kumkimbilia mtu, ama kutaka hifadhi kwake ama kwenda kumwokoa. Sisi tumeshika kushtuka, watu wa Ghuba wameshika kukimbilia.

Unaikumbuka hadithi ya usiku ule watu wa Madina walipotishwa na sauti? Kiarabu chake ndicho hicho, fazi'a ahlul-Madina. Walitoka kuifuata sauti, wakakutana na Mtume (S.A.W.) anarudi, keshawatangulia peke yake juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, anawaambia wasiogope. Wametishika, na papo hapo wametoka. Msomee mwanao hiyo, ataelewa kuliko maelezo yangu yote.

Hofu nayo ni ya Kiarabu, ile ya mwisho wa Suratu Quraysh, wa-aamanahum min khauf. Lakini hofu hukaa na mtu hata miaka: ana hofu ya njaa, ya deni, na kazi zake anafanya. Woga ni wetu wa Kibantu, ndugu yake kuogopa, na mara nyingi twautaja kama tabia ya mtu. Fazaa haikai wala si tabia. Hukupiga ukaacha ulichoshika.

Naona sisi Wapemba tunalijua neno hili kwa miili yetu, kwa ule mwaka 1995. Popobawa, popo na bawa lake, jini aliyesemwa kuwavamia watu usiku majumbani, alianza kutajwa huku kwetu, kisha Unguja, mwaka uleule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Nani alijifungia ndani? Watu walitoka na mikeka yao wakalala nje makundi kwa makundi, wamewasha moto, majirani ubavu kwa ubavu. Hiyo ndiyo fazaa kamili, ya bibi na ya Maskati pamoja.

Ila fazaa hiyohiyo iliua. Unguja mjini kundi la watu lilimvamia mgonjwa wa akili, likamuua kwa kudai ndiye popobawa. Jambo hili linaniuma hadi leo. Mgonjwa yule ndiye aliyestahili kukimbiliwa kwa kuokolewa, na watu wakamkimbilia kwa kumuua. Mwanao akikua kidogo mweleze na hilo, usimfiche.

Mama yako mwaka ule alikuwa bado hapa Wete. Mkalishe na mjukuu wake, amhadithie walilala uwanja gani, na nani aliyekuwa akichochea moto. Akimaliza niandikie alivyosema, maana wa kwetu waliokuwa wakinisimulia wameshatangulia mbele ya haki.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Shoga yako