Raba za makumbusho ziwe za watu wote, sio za walanguzi

Mhariri, naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hizi kolabo za makumbusho ya sanaa na kampuni za raba, maana watu wanabishana sana ila naona wanabishania pasipo tatizo. Wengine wanasema kuweka mchoro wa Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi wa karne ya 19, kwenye kiatu ni kuudhalilisha, kitu cha ukutani kinaenda kukanyaga matope, na wengine wanawajibu acheni hizo, vijana wamependa. Mi nipo na vijana, ila nina langu.

Kwanza hili la kudhalilisha halina mashiko. Van Gogh mwenyewe alichora viatu, mwaka 1886 akiwa Paris, jozi ya mabuti yaliyochoka kabisa, kamba zimelegea, na mchoro huo upo mpaka leo kwenye makumbusho yake kule Amsterdam, makumbusho hayohayo yaliyoshirikiana na kampuni ya raba ya Vans mwaka 2018. Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo sioni likitajwa. Mwaka 1882 akiwa The Hague, kabla ya zile rangi kali tunazozijua, alikuwa anamwandikia mdogo wake Theo kuhusu mpango wa kuchapa michoro kwa wingi, bei iwe ya chini kabisa, ili wafanyakazi na watu wa kawaida waweze kuwa nayo majumbani kwao. Mpango wenyewe haukufika mbali, lakini nia yake ilikuwa wazi, sanaa iwe rahisi na iwe nyingi. Sasa mtu anayetaka kuvaa maua ya Van Gogh mguuni anamkosea nini huyo mzee?

Kosa lipo kwenye uuzaji. Kampuni za raba zina mchezo wao, mzigo unatoka kidogo makusudi, unatangazwa siku na saa, watu wanakesha kwenye simu, halafu ndani ya dakika chache umeisha na usiku huohuo unaiona raba ileile inauzwa na mlanguzi kwa bei iliyoruka. Kampuni ikifanya hivyo ni biashara yake, lakini makumbusho? Nyumba inayosema inatunza sanaa kwa ajili ya umma inaingiaje kwenye mchezo wa kuwanyima umma? Mwaka 2019 kwenye maonyesho ya mbunifu wa mitindo Virgil Abloh pale MCA, makumbusho ya sanaa ya Chicago, ilitoka raba ya Nike ya bluu, Air Force 1, na bei yake mikononi mwa walanguzi ikapanda mara kadhaa ya ile ya dukani. Na kama mtu anadhani hayo ni ya raba tu, aangalie mwaka 2023 makumbusho ya Van Gogh yalipofanya kolabo na Pokémon, ile michezo na katuni ya Kijapani, kulikuwa na kadi moja ya mhusika wao Pikachu amevaa kofia kama ya Van Gogh, watu wakavamia, wakasukumana, mpaka makumbusho yenyewe yakaacha kuigawa pale ndani kwa sababu za usalama. Watoto ambao kadi ilitengenezwa kwa ajili yao ndio wakakosa.

Na makumbusho yasiseme hayana nguvu. Van Gogh alifariki 1890, haki miliki ya michoro yake iliisha zamani, leo mtu yeyote anaweza kuchapa Almond Blossom, ule mchoro wake wa matawi ya mlozi yenye maua, kwenye raba bila kumuomba mtu ruhusa. Kwa hiyo kampuni ikienda makumbusho inafuata jina, inafuata ule muhuri wa kusema hii ni halali, imetoka kwenye nyumba yenyewe. Mwenye jina ndiye anapanga masharti! Anaweza kusema mzigo uwe wa kutosha, ukiisha uchapwe tena, basi, hapo mlanguzi hana tena cha kufanya.

Sharti lingine ningeweka ni maelezo. Kitambaa kikishachapwa kinakatwa kufuata umbo la kiatu, tawi linaishia kwenye mshono, nusu ya ua inapotelea chini ya kamba, mguu wa kushoto una kipande na wa kulia una kipande kingine. Silaumu, kiatu ndivyo kinavyoshonwa. Lakini MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, na Vans mwaka 2020 walichukua saa zinazoyeyuka za mchoraji Dalí na maua ya maji ya mchoraji Monet, na ukiziona zote kwenye raba utadhani ni michoro ya saizi moja, kumbe ule wa Dalí ni mdogo kama karatasi ya kuandikia, sentimita 24 kwa 33, na ule wa Monet una vipande vitatu vinavyofika karibu mita 13 kwa urefu! Andikeni hayo ndani ya boksi, jina la mchoro, mwaka, ukubwa, mahali ulipo. Andikeni kwamba Almond Blossom aliuchora 1890 kwa ajili ya mtoto mchanga wa Theo, aliyepewa jina lake, Vincent. Kijana akisoma hilo wakati anafunga kamba ataitazama raba yake vingine kabisa, na siku moja ataenda kuuona mchoro wenyewe.

La mwisho ni hela. Vans na makumbusho ya Van Gogh walisema sehemu ya faida itaenda kutunza michoro, na hilo nalipongeza kwa moyo wote, lakini "sehemu" ni kiasi gani? Asilimia moja ni sehemu na hamsini ni sehemu pia. Na kwenye ile kolabo ya MoMA alikuwemo Faith Ringgold, msanii mweusi wa Marekani, wakati huo yupo hai anafikisha miaka 90. Msanii akiwa hai, mnunuzi ana haki ya kujua fungu lake ni lipi, na liandikwe palepale kwenye boksi karibu na bei.

Ni mimi msomaji wenu,
mpenzi wa sanaa na raba