Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Huduma ya Dharura kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Ndugu mgeni rasmi, wakufunzi, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu.

Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Hakuna gari la kutoka Hospitali ya Bugando hadi mwalo wa Igombe, wanakotia nanga wavuvi, kwa muda huo, hata barabara iwe tupu. Ndiyo maana huduma lazima ianzie pale pale mgonjwa alipo. Gari lenye king'ora lisilo na mhudumu wala vifaa, tusifichane, ni teksi yenye machela.

Ndugu mgeni rasmi, mialoni bado aliyezama hubinywa tumbo ili atapike maji. Kinachopanda ni chakula, nacho huishia mapafuni. Asiyepumua apuliziwe pumzi kwanza, kisha kifua kikandamizwe mara 30 kwa kila pumzi 2, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkandamizaji apokewe kila dakika 2, maana akichoka kina hupungua bila mwenyewe kujua.

Majeruhi wa bodaboda naye hushikwa mikono na miguu, akakunjwa ndani ya bajaji. Kama shingo imevunjika, uti wa mgongo unaweza kukatikia hapo. Kumgeuza kunataka watu 4, na anayeshika kichwa ndiye anayehesabu. Damu ya mguuni isiyokoma kwa kugandamizwa ifungiwe mkanda sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti lenyewe, na saa iandikwe.

Changamoto yetu kubwa ni safari za majini. Mtungi wa oksijeni wa lita 340, ukitoa lita 10 kwa dakika, huisha kwa dakika 34. Safari ya saa 3 kutoka visiwani inataka lita 1,800, yaani mitungi 6. Boti ikiwa na mmoja, mgonjwa hukata pumzi katikati ya ziwa.

Tunaomba mitungi na mashine za kunyonya makohozi kwa boti za wagonjwa. Pili, namba 115 ya m-mama huwaitia usafiri wajawazito na watoto wachanga. Wavuvi na majeruhi wapate njia kama hiyo. Tatu, chumba cha dharura kiwe na simu ya zamu isiyozimwa, tueleze mapema umri, chanzo, hali ya upumuaji na dawa tulizotoa, ili damu iandaliwe mgonjwa akiwa bado njiani.

Tunaomba kuwasilisha.