Mtoto wa mbwa wa ulinzi: usimfungie ili awe mkali

Mteja akitupigia simu wiki aliyomleta nyumbani mtoto wa Boerboel au Rottweiler, swali lake la kwanza mara nyingi ni hili: "Nimfanyeje awe mkali?" Nyumba za namna hiyohiyo hutupigia tena baada ya mwaka na nusu, na swali limegeuka. Mbwa sasa ana kilo 50, amemng'ata binamu aliyekuja likizo, dada wa kazi anaogopa kwenda kuanika nguo, na baba mwenye nyumba ndiye peke yake anayeweza kusogelea banda.

Sisi tunafundisha mbwa majumbani hapa Dar es Salaam, na kazi yetu kubwa iko huku pembezoni ambako watu wamejenga wakazungushia ukuta: Goba, Madale, Bunju, Kinyerezi, Kigamboni. Makala haya ni ya mtu ambaye ana mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa sasa hivi, au ameshalipia na anasubiri kwenda kumchukua, na nyumbani kuna watoto. Tunachotaka ukijue mapema ni kwamba ukali huna haja ya kuutafuta. Utakuja.

Boerboel amelelewa mashambani Afrika Kusini, vizazi kwa vizazi, alinde familia na mifugo mahali ambapo jirani yuko mbali. Rottweiler alikuwa mbwa wa wafanyabiashara wa ng'ombe kule Ujerumani, akiswaga mifugo na kulinda mali ya tajiri wake. Caucasian Shepherd kazi yake ilikuwa kuzuia mbwamwitu wasifike kwa kondoo milimani. Mbwa kama hawa ulinzi uko damuni. Kati ya mwaka mmoja na miwili huanza wenyewe kusimama getini na kumpima kila anayepita, hata kama hukuwafundisha lolote. Kisichokuja chenyewe ni akili ya kupambanua, yaani kujua kwamba mtu wa maji, mtoto wa jirani na mwizi ni watu watatu tofauti. Hiyo lazima afundishwe, na muda wa kumfundisha ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani.

Kuanzia wiki ya 3 hadi kama wiki ya 14 ya umri wake, mtoto wa mbwa yuko wazi kupokea mambo mapya. Anachokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho anakichukua kuwa ni kitu cha kawaida. Asichokutana nacho, ukubwani anakitilia shaka, na mbwa wa kilo 60 mwenye shaka anatumia meno. Ukimchukua kwa mfugaji akiwa na wiki 8, umebakiwa na wiki 6 hivi. Sasa angalia wengi wetu hapa mjini tunavyozitumia hizo wiki 6: tunamfungia bandani asizoee watu, tunamkataza mtoto asimshike, wengine wanamchanganyia pilipili kwenye chakula au wanamlisha nyama mbichi wakiamini atakuwa mkali. Pilipili inamuumiza tumbo, basi. Nyama mbichi haibadilishi tabia ya mbwa yeyote. Na kule kumfungia kunazaa woga. Mbwa mwoga anabweka sana, kwa hiyo mwenye nyumba anaridhika akidhani amepata mlinzi, kumbe mwizi mzoefu humjua mbwa mwoga kwa namna anavyorudi nyuma akibweka. Anayeishia kung'atwa ni mtoto wa ndani aliyemkuta kwenye kona.

Kuna sababu moja ya kumfungia ambayo ni ya maana, nayo ni chanjo. Parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, unaua watoto wa mbwa kwa siku chache tu, na kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Kwa hiyo usimshushe chini barabarani, sokoni wala ufukweni kabla daktari wa mifugo hajakwambia amekamilisha. Kama nyumba hiyo aliwahi kufia mbwa mwenye parvo, sakafu ya banda ioshwe kwa jiki kabla mgeni hajaingia. Chanjo ya kichaa cha mbwa anapata akifika miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka. Hii ni kwa ajili ya watoto wako kabla ya kuwa kwa ajili ya mbwa.

Lakini kutomshusha chini hakuna maana ya kutomtoa nje. Mbebe. Kaa naye kwenye gari, vioo vimeshushwa, mkabala na kijiwe cha bodaboda, dakika kumi zinatosha. Asikie honi, adhana, jenereta, baiskeli ya aiskrimu na muziki wake. Amwone mama aliyejitwisha ndoo, mzee mwenye kanzu na bakora, fundi aliyevaa helmeti, mtu anayetembelea magongo, wanafunzi wanaotoka shule kwa makelele. Hakuna haja ya kila mtu kumshika. Kila anapotokea mtu wa aina mpya, mpe kipande cha ini la kuku lililochemshwa, kidogo tu kama punje ya harage. Ukiona anatetemeka au anajificha kwapani kwako, uko karibu mno. Sogeza gari, usimlazimishe.

Desturi ya mji wetu ya kumfungia mbwa mchana kutwa na kumfungulia saa nne usiku ndiyo inayoharibu mbwa wengi wazuri. Mbwa wa hivyo anaijua nyumba ikiwa imelala. Mchana, nyumba ikiwa na watu, yeye anaiona kupitia nondo za banda, na kila anayepita anampandisha hasira ambayo hana pa kuipeleka. Mnyororo ni mbaya zaidi. Tunaomba wateja wetu mtoto wa mbwa awe na saa zake za kuwa uani pamoja na watu kila siku: mama anapika jikoni nje, yeye amelala pembeni, anapitwa na ndoo, ufagio na watoto. Banda liwe mahali pa kupumzika na kulala, na lisitumike kama adhabu.

Zoezi tunaloanza nalo karibu kila nyumba ni la geti, kwa sababu ndipo matatizo mengi yanapotokea. Unatandika kigunia au mkeka wake mahali anapoweza kuliona geti, hatua sita au saba kutoka mlangoni. Kwa siku kadhaa huna mgeni wala kubisha, ni kumzoesha tu: "mahali", anakwenda juu ya mkeka, anapata ini. Akishalijua neno, mtu wa nyumbani anatoka nje na kugonga geti mara mbili, taratibu. Mtoto wa mbwa ataruka na kubweka. Mwache abweke mara mbili tatu, ndiyo kazi yake, kisha mwambie "basi", mwelekeze mkekani na umlipe hapo hapo. Geti linafunguliwa akiwa amekaa. Akiinuka, geti linafungwa tena, bila kelele, bila kumpiga. Mara za kwanza geti litafunguka na kufungwa mpaka aliyeko nje achoke. Kisha linakuja jioni moja unasikia kubisha, na mbwa anabweka mara mbili, anakutazama, anakwenda mwenyewe kukaa mkekani. Huyo ndiye mlinzi. Amekujulisha, na sasa anakusikiliza wewe useme nini kifanyike. Usiku akiwa peke yake na mtu anaruka ukuta, hakuna wa kumwambia "basi", na hahitaji kufundishwa afanye nini.

Maneno yawe mamoja kwa nyumba nzima. Baba akisema "sit", mama akisema "kaa", na dada akisema "tulia wewe", mbwa hajaambiwa kitu. Chagueni, yaandikeni, bandikeni ukutani jikoni.

Katika mji huu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya nje havitakwambia. Majirani na wageni wako wengi ni Waislamu, na wengi wao wanafuata madhehebu ya Shafi, ambamo ute wa mbwa ni najisi nzito inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wako akimrukia mzee anayekwenda msikitini akamlamba kanzu, umemharibia sala yake, hata kama mbwa alikuwa anafurahi. Kwa hiyo sisi tunafundisha kutomrukia mtu na kutolamba kuanzia siku ya kwanza, angali na kilo 8, wakati kila mtu anaona ni kichekesho akikurukia. Kilicho kichekesho leo, akiwa na kilo 60 kitamwangusha bibi. Akiruka, geuka mgongo, usimsemeshe. Miguu yote minne ikiwa chini, msalimie. Na tuna wateja Waislamu wenye mbwa wa ulinzi ambao hawamgusi kabisa; wanamfundisha kwa sauti, kwa chakula na kwa ishara ya mkono, na mbwa wao wanasikia vizuri tu.

Kuhusu watoto hatuna mjadala: mtoto mdogo na mbwa mkubwa hawaachwi peke yao, hata awe mbwa mpole namna gani. Watoto wakicheza kombolela wanakimbia na kupiga mayowe, na mbwa wa kuswaga mifugo akiona kinachokimbia naye anakimbiza. Wakati huo akae kwenye mkeka wake au bandani. Wafundishe watoto wasimguse akiwa anakula au amelala. Na wewe mkubwa, tangu akiwa mdogo, pita karibu na bakuli lake lenye ugali, dondosha kipande cha nyama ndani yake, ondoka. Usimnyang'anye chakula kumwonyesha nani bosi. Ukimnyang'anya anajifunza kulinda bakuli. Ukimwongezea, anajifunza kwamba mkono ukija una heri. Meno ya utoto yanaanza kung'oka kwenye mwezi wa 4, na mpaka mwezi wa 7 atatafuna kila kitu kuanzia ndala hadi mguu wa kiti. Mpe kamba nene au kiatu kizee kimoja? Hapana, kiatu usimpe, hawezi kutofautisha kizee na kipya. Mpe karoti baridi kutoka kwenye friji.

Ikitokea mtu ameng'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa.

Chakula nacho kinavunja mbwa wengi. Watu wanataka akue haraka, awe mnene, majirani waone. Mbwa wa mbegu kubwa anayenenepeshwa utotoni anapata matatizo ya nyonga na viwiko ambayo hayatibiki kirahisi. Mbavu zake usizione, lakini ukipapasa uzipate. Ugali wa dona na dagaa unaweza kumlea kama protini inatosha, maana ugali mtupu wenye harufu ya dagaa si chakula. Dagaa wa Mwanza waoshwe mchanga, na hawa wa kwetu pwani wanaochemshwa kwa chumvi waloweke kwanza umwage maji. Unga uliovunda usimpe mbwa ukidhani tumbo lake ni gumu, kwa sababu sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, inaua mbwa pia. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, vitunguu hapana, chokoleti hapana.

Na tafadhali, usimwongezee unga wa mifupa au DCP (unga wa madini wenye kalsiamu) kutoka duka la dawa za mifugo ili "mifupa ikomae". Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 6 hana uwezo wa kukataa kalsiamu iliyozidi, mwili unaichukua kupita kiasi, na mifupa inakua vibaya. Tumeona miguu iliyopinda kwa upendo wa namna hii, na inauma kuiona. Mlishe mara tatu kwa siku akiwa mdogo, mara mbili akikua, na asikimbie akitoka kula, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu tumbo huweza kujisokota na kumuua kwa saa chache.

Joto la kuanzia Desemba hadi Machi lichukulie kwa uzito. Mbwa anajipoza kwa kuhema, na hewa yetu yenye unyevu inafanya kuhema kusaidie kidogo. Mtoe kabla ya saa moja asubuhi au jua likizama, maji na kivuli visikosekane, na kumkimbiza nyuma ya pikipiki usifikirie kabla hajafika miezi 18. Akianza kuyumba na ufizi umekuwa mwekundu sana, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, na mpeleke kwa daktari.

Kati ya miezi 6 na 18 atakusahaulisha kila ulichomfundisha. Utamwita atakutazama tu. Watu wengi hapa ndipo wanapokata tamaa na kumrudisha bandani moja kwa moja. Endelea na mazoezi mafupi, dakika tano mara tatu kwa siku, na kamba ndefu uani ili akikataa kuja umvute taratibu. Kipindi hiki kinapita.

Huduma yetu iko hivi. Kama mtoto wa mbwa hajafika wiki 16, tunampa nafasi ya mbele kwenye ratiba, hata kama itabidi wakubwa wasubiri. Hatuchukui kazi ya kumfanya mbwa awe mkali, na hatumchukui mbwa kwenda kumfundishia kwetu, kwa sababu anatakiwa kuwasikiliza nyie. Siku ya kwanza tunaomba kadi yake ya chanjo iwepo, watu wote wa nyumba wawepo akiwemo dada wa kazi na mlinzi, na mbwa asiwe amelishwa asubuhi hiyo. Maini ya kuku mchemshe jana yake, mkate vidogo.