Fundi wa sare kamshonea mwanae shela, kamati mnisikilize

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mama wa watoto wanne niko Uyole hapa Mbeya, kazi yangu kushona sare za shule kwa cherehani cha kukanyaga, na mwezi wa 12 nimemuoza binti yangu wa kwanza. Ninachotaka kusema nakisema mapema ili hata ukiikata barua hiki kibaki: kamati za harusi za siku hizi zimemgeuza mama wa bibi harusi kuwa mchangiaji kama wachangiaji wengine, anaandikiwa ahadi yake, anapewa kadi yake ya dabo, halafu anaambiwa mama wewe kaa utulie kila kitu kinashughulikiwa. Mimi sikutulia.

Ilikuwa hivi. Sendofu ilikuwa yetu, harusi ya upande wa kijana, na shela wanagharamia wao, ndo wazee walivyokubaliana. Wakaenda duka moja la kukodisha mashela hapa mjini (silitaji), bei 350,000, wakaacha advansi ya 150,000, na binti akachagua kwa picha maana yeye anafanya kazi Dodoma. Zimebaki siku 19 nikasema hebu nipite nikalione hilo gauni kwa macho yangu. Nikatolewa gauni lina pindo jekundu la udongo, kwapani limeshakuwa njano, zipu imeng'olewa kabisa mgongoni wameweka matundu ya kamba ili limtoshe yeyote atakayekuja mnene kwa mwembamba. Nikauliza, hili ndo lile la kwenye picha? Dada wa dukani wala hakushtuka, akasema mama lile bado liko Tunduma kwa bibi harusi mwingine, hili linafanana nalo. Linafanana! Advansi hatujarudishiwa mpaka leo ila hiyo nimeshawaachia.

Kwenye kikao nikasema nitashona mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati ni shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, mtu mzuri sana ila anapenda maiki, akasema shemeji tunakuheshimu lakini wewe ni fundi wa sare, shela sio sketi ya shule. Watu wakacheka na mimi nikacheka. Halafu binti mmoja wa kamati ya mapambo akasema wageni wataona tumeishiwa, shela la kushonwa nyumbani halina hadhi, siku hizi watu wanataka vitu vya kizungu. Hapo ndo nilipoacha kucheka. Nikamwambia mwanangu hao wazungu unaowasema, Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840 ndo gauni jeupe likaanza kushika kasi huko kwao, na lesi ya lile gauni ilifumwa kwa mkono na kinamama wa Devon, haikukodiwa mahali. (Mambo haya niliyasoma zamani kwenye kijarida cha ushonaji, sikujua kama yatakuja kunisaidia kikaoni.) Wakanyamaza, sio kwamba walikubali, walitaka tu kikao kiishe mvua ilikuwa inakuja.

Kesho yake nikashuka sokoni Mwanjelwa. Satini, lesi mita 3, neti mita 4, bitana mita 5, zipu ya kuficha, uzi mweupe na pakiti mbili za shanga za lulu, vyote vimekula 168,000 baada ya kubishana na muuza vitambaa mpaka tukawa ndugu. Vipimo nikamwambia binti apimwe na mwenzake huko huko Dodoma anitumie kwa WhatsApp, akatuma kifua 88 kiuno 70. Mimi napima kwa inchi, mwenye kifua cha inchi 88 huyo sio bibi harusi ni pipa, kumbe walishika futi ya kupimia upande wa sentimita. Basi nikageuza hesabu, ila moyo haukutulia, nikashona kwanza gauni la kujaribia la kitambaa cha marekani, na kwenye lile la satini nikaacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono inchi moja na nusu kila upande. Kumbe alivyofika zimebaki siku tano amekonda, mawazo ya harusi, kiunoni linamcheza kama kengele. Nikafumua nikaingiza ndani likakaa. Sasa niambie lile la kamba lingekaaje.

Satini ina kiburi jamani. Sare unaikanyagia mbio, satini ukikimbia inavuta, ukitoboa sindano mahali sio tundu linabaki pale pale. Nilibadilisha sindano nikaweka nyembamba mpya, nikapunguza kubana kwa uzi, nikafuta mafuta yote kwenye cherehani na kitambaa kikavu maana tone moja tu umeharibu mita nzima. Pasi ndo ilinitisha zaidi, umeme ulikuwa unakatika hovyo wiki ile nikabaki na pasi ya mkaa, nikawa naitoa nje kupuliza jivu ndo narudi nayo ndani, na juu ya satini natandika kitambaa cha pamba.

Shanga tulishona wawili kwa mkono, mimi na yeye, usiku tatu, taa ya simu imeegeshwa kwenye kikombe. Mhariri hapa naomba usinikate. Kwenye kitchen party mashangazi waliongea kwa maiki masaa matatu, wengine hata hawamjui mtoto vizuri, yeye kainamisha kichwa tu. Lakini usiku ule ameshika sindano, haniangalii namimi simuangalii wote macho kwenye lulu, ndo akaniuliza mama mwaka ule baba alivyopoteza kazi ulikaaje naye bila kugombana? Nikamwambia tuligombana, nyie mlikuwa mmelala. Akacheka, akanyamaza, lulu kama tano hivi, akauliza lingine. Mengine sitayaandika gazetini. Ninachosema ni kwamba kama shela lingekuwa la dukani hayo maswali angemuuliza nani na saa ngapi, maana siku ya sendofu nilimuona kwa mbali mezani kwake nikapelekewa kipande cha keki na MC.

Na mimi nilikuwa na langu. Mbeleko yake bado ninayo, khanga ya rangi ya chungwa imepauka karibu ionekane nyuma yake, nilikata kipande kama kiganja nikakishonea ndani ya bitana pale kiunoni upande wa kushoto. Nilimuonyesha asubuhi ya harusi wakati nambana zipu. Yule dada wa vipodozi alinikasirikia sana maana ilibidi aanze upya macho.

Kumbukumbu za wageni nazo zilikuwa vita. Kamati walitaka vikombe vyenye picha ya maharusi, na sina ubaya na vikombe lakini kabatini kwangu vipo vinne vya watu wanne tofauti na wawili kati yao wameshaachana, kila nikinywa chai nasikitika. Mabaki ya satini yalikuwa mengi, nikaita wifi zangu na binti wa jirani tukashona vifuko vidogo 200, ndani kiganja cha kahawa ya Mbozi iliyokaangwa, tukafunga na utepe. (Najua Mbozi iko mkoa wa Songwe toka 2016, sisi wengine midomo bado haijazoea.) Ukumbi mzima ulinukia kahawa hata kabla ya chakula. Wazee wa pande zote mbili tukawapa vikapu vidogo vya milulu kutoka Iringa, dada yangu alikuja navyo 24 kwenye basi kavipakata njia nzima, zaidi ya kilometa 300, kakataa kuviweka kwenye buti. Ile milulu inakatwa kwenye maeneo ya majimaji inakaushwa ndo kinamama wa Kihehe wanafuma, wanabana mpaka kikapu kinasimama chenyewe, na bei wanayolipwa ukilinganisha na siku wanazokaa kufuma kwakweli hailingani, hilo ni barua nyingine.

Yalikuwepo makosa, nisijisifu. Mkia wa gauni niliuacha mrefu mno kwa barabara zetu za masika, kutoka kwenye gari mpaka mlango wa kanisa wasimamizi wanne waliubeba kama wamebeba jeneza, na kifungo kimoja cha mkono kilidondoka kwenye kwaito.

Niliyekuwa namuogopa zaidi ni mama wa bwana harusi, watu wa Tukuyu wana heshima zao, nikajua atasema tumedharau hela yao ya kukodi. Wakati wa picha akaja akasimama nyuma ya binti, akainama, akageuza pindo akaangalia mshono wa ndani. Moyo ulinidunda. Akasema "ndaga fijo, mkwe", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, halafu akaninong'oneza, cherehani chako unakitegeshaje kisivute satini, cha kwangu kinavuta. Tukaongea sindano mpaka mpiga picha akatuomba tufunge midomo.

Sasa ombi langu kwa kamati, hasa zile zinazoanza vikao sasa hivi kwa harusi za mwezi wa 6. Kabla ya kugawa kazi muulizeni mama wa binti anaweza kufanya nini kwa mikono yake na mumuachie, awe anafuma vitambaa, anapika maandazi, anasuka mikeka, chochote. Mumpe na siku za kutosha sio 19. Na wanaokodi, nendeni mkalione gauni kwa macho na mlijaribu kabla ya kutoa advansi, mdai risiti iandikwe gauni gani na tarehe gani. Na wewe mhariri kwenye kurasa zako za kinamama mtuwekee siku moja jinsi ya kupima mwili kwa inchi, mtaokoa watu wengi.

Satini imebaki kama mita moja, anayehitaji ya kutengenezea vifuko aje Uyole aulize fundi wa sare. Ila asije wiki hii, shule zinafunguliwa na nina sketi 43 za bluu hazijawekwa mikanda.

Fundi wa sare, mama wa bibi harusi
Uyole, Mbeya