Usimwache fundi apige plasta kwanza

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Mama Ima mpenzi,

Mbukwenyi! Siku hizi nami nasalimia Kigogo, majirani wamenifundisha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kwa hiyo nyumba ya Singida imeshaezekwa, fundi umeme anaanza kuchimba kuta wiki ijayo, na shemeji amekuletea picha ya skrini ya inchi 15 ya kuweka ukutani sebuleni, ya kuwashia taa, pampu, geti na kila kitu. Hongera, shoga. Unaniuliza ununue ipi. Kwanza sikiliza yaliyonikuta.

Ya kwanza niliiweka ukuta wa magharibi, na jua la saa kumi la huku unalijua. Ilikuwa tableti ya kawaida tu. Fundi akaichongea shimo ikakaa sawasawa na plasta, waya wa chaji ukapita nyuma, nikapiga picha nikamtumia kila mtu. Ikashinda kwenye chaji usiku na mchana. Miezi kama mitano baadaye napita na ndoo, naona mwanga unavuja pembeni ya kioo. Nikabonyeza kwa kidole, kioo kikazama kisha kikarudi juu kama mto. Betri ilikuwa imevimba kama andazi! Fundi wa simu aliishika kwa ncha za vidole akaitoa nje, akaniambia nimshukuru Mungu haijawaka. Betri hizi za lithiamu zinachoshwa na joto, na zinachoshwa na kukaa zimejaa asilimia 100 muda wote. Mimi niliipa yote mawili, tena ndani ya shimo lisilo na hewa.

Niliyonayo sasa ni ya inchi 10. Iko kwenye ukuta wa ndani, imening'inia juu ya plasta kwa fremu, na nyuma yake nimeacha nafasi ya upana wa kidole. Chaji inapitia soketi inayojizima betri ikifika 80 na kujiwasha ikishuka 40. Anayeiamuru hiyo soketi ni Home Assistant, programu ya bure ya kuendesha vifaa vya nyumbani, iliyoanza mwaka 2013. Mimi nimeiweka kwenye kompyuta ndogo juu ya kabati la vyombo. Ukipata skrini isiyo na betri kabisa, inayokula umeme moja kwa moja, ni bora zaidi.

Muuzaji akianza kukusifia rangi na wembamba, mkatishe umuulize: intaneti ikikatika, nikigusa hapa taa itawaka? Akianza kujiuma, ondoka. Skrini nyingi za dukani amri zake zinasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta, za kampuni ng'ambo ndipo zirudi kwenye taa iliyo mita tatu kutoka ulipo. Kule Marekani kampuni ya Insteon, iliyouza vifaa vya nyumbani kama hivi, ilizima seva zake ghafla Aprili 2022, wateja wakakuta programu kwenye simu zao haifunguki. Hiyo yangu ya juu ya kabati inaongea na taa humu humu ndani. Bando liishe lisiishe, taa zinawaka.

Sasa la fundi, na hili ndilo lililonifanya niandike leo nisingoje kesho. Kabla hajafunika mifereji, mwambie apitishe paipu ya ziada kutoka ilipo ruta hadi pale skrini itakapokaa, na ndani yake waya wa mtandao, Cat6. Waya huo huo unaweza kubeba umeme pia, volti 48 hivi, na kifaa kidogo mwishoni kikaushusha hadi volti 5 za tableti. Hata nyumba ikiwa ndefu hautakupungukia, maana unafika mita 100. Raha yake utaiona umeme ukikatika: ruta na swichi ya mtandao, kile kiboksi kinachoupa waya huo umeme, zikiwa kwenye inveta, skrini nayo inabaki hai bila kuivutia waya mwingine.

Pia kuna vile viskrini vidogo vinavyokaa mahali pa swichi ya taa. Vizuri, ila vingi vinataka nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, na mafundi wetu wamezoea kushusha waya mbili tu kwenye swichi, unaoleta umeme na unaokwenda kwenye taa. Nyutro inaishia juu darini. Mwambie aishushe sasa, waya ni senti kuliko kubomoa. Halafu apime boksi. Letu ni la mraba la mtindo wa Uingereza, na vifaa vingi vinavyouzwa mtandaoni vimetengenezwa kwa boksi la duara la Ulaya bara au la mstatili la Marekani.

Swichi za kawaida usiziondoe, hata shemeji akinuna. Mama mkwe alikuja kutoka Mpwapwa, siku moja akawa anakanda unga wa chapati, giza likaingia. Akaenda kwenye skrini na vidole vimelowa unga. Akagusa, kimya. Akagusa tena, likafunguka geti. Akaniita: "Nyumba gani hii, mtu anaomba ruhusa kuwasha taa?" Sikuwa na jibu.

Na vumbi letu hili! Dada akifuta kioo kwa kitambaa, anawasha pampu. Nimeweka kitufe cha kufunga skrini wakati wa kusafisha, na geti lina namba ya siri, maana Kulwa na Doto walilifanya mchezo.

Inchi 15 kwangu ni nyingi, usiku sebule itang'aa kama duka la simu. Chukua kioo cha LCD, kwani aina nyingine, OLED, ikikaa na picha ile ile mwaka mzima inabaki na kivuli cha picha hiyo. Na ukweli ni kwamba baada ya wiki mbili za ushamba, tunachogusa kila siku ni kimoja: maji. Hapa kwetu yanakuja saa nane za usiku, na kuona tenki limefika wapi bila kutoka nje na tochi, hicho sikirudishi hata kwa dawa.

Nitumie ramani ya nyumba kabla ya Jumatano, uweke alama mlango mnaoingilia kila siku, si ule wa wageni. Na yule kuku wa Singida uliyeniahidi tangu Pasaka bado namngoja, usidhani nimesahau.

Shoga yako,
Mama Kulwa