Risala ya Mafundi kwa Mgeni Rasmi: Ufunguzi wa Maonyesho ya Samani na Mapambo Yaliyotokana na Vifaa Vilivyotumika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na walezi wa kikundi,
Wageni waalikwa,
Mafundi wenzangu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuwa nasi. Tumefurahi kukuona ukipita meza kwa meza, ukifungua droo na kuvuta viti, na hasa ulipolikalia lile benchi refu la mlangoni bila kuuliza kama linabeba. Linabeba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni kikundi cha maseremala, washonaji, wachomeleaji na wapaka rangi. Tunachukua vitu ambavyo wenyewe wameshavikatia tamaa, kama mbao za kubebea mizigo, nguo zilizochakaa, chupa na milango iliyong'olewa, tukavipa kazi nyingine ndani ya nyumba. Lakini tunakuomba usitusifu kwa sababu tu tumetumia taka. Rafu inayoyumba ni rafu mbaya hata kama mbao zake ziliokotwa jalalani, na mto unaonuka mpira utatupwa kabla ya mwaka kuisha. Kitu cha namna hiyo ni taka ile ile iliyocheleweshwa safari. Tupime kwa kipimo anachopimwa fundi yeyote: je, kitu hiki kitaendelea kutumika nyumbani kwa miaka?

Kwa sababu hiyo hatuanzi na taka, tunaanza na nyumba. Mtu akija na rundo la chupa akauliza atengeneze nini, tunamwuliza nyumbani kwake kunakosekana nini. Jibu huwa la kawaida sana: pa kuweka viatu, taa ya kusomea, pazia la kupunguza jua la mchana, zulia la miguu ya mtoto anayetambaa. Baada ya hapo ndipo tunapofungua stoo. Mara nyingine tunagundua hahitaji chochote kipya, anahitaji kiti chake cha zamani kikazwe miguu tu. Hiyo nayo ni kazi, na kwetu inatangulia nyingine zote. Viti vingi vya zamani viliungwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulainika kwa maji ya uvuguvugu. Fundi hulainisha kiungo, akakikwangua mpaka mti uonekane, ndipo akatia gundi mpya. Kumimina gundi mpya juu ya ya zamani ni kupoteza gundi, maana haina mti wa kushika.

Kipya kinyemi, walisema wahenga, na wapo wanaoamini kwamba nyumba yenye vitu kuukuu ni nyumba ya wasio na uwezo. Historia ya usanifu inawakatalia. Mwaka 1991 msanifu wa Uholanzi, Tejo Remy, alikusanya droo zilizotupwa, kila moja ya umbo na rangi yake, akaziundia maganda mapya ya mbao na kuzifunga pamoja kwa mkanda mmoja zikawa kabati. Kabati la aina hiyo leo limo katika hazina ya jumba la makumbusho la MoMA, New York. Huko Barcelona, benchi refu linalopindapinda katika bustani ya Park Güell, kazi ya Antoni Gaudí na mwenzake Josep Maria Jujol, limefunikwa kwa vipande vya vigae vilivyovunjika, na watu wanavuka bahari kwenda kulipiga picha. Kile kioo cha ukutani chenye fremu ya vigae, ulichosimama mbele yake kwa muda kidogo, kimefuata njia hiyo hiyo: kigae kinafungwa ndani ya gunia, kinagongwa kwa nyundo, halafu vipande vinapangwa vikiwa vikavu kabla ya saruji kuguswa. Kupanga huko ndiko kunakochukua siku nzima. Kubandika ni kazi ya dakika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tukae kidogo kwenye mbao za mapaleti, yale majukwaa ya kubebea mizigo, kwa kuwa ndizo zilizojaa zaidi kwenye maonyesho haya na ndizo zinazoponza watu wengi. Paleti iliyovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri ubavuni. Tafuta mchoro wa suke la ngano, kando yake herufi mbili za nchi ilikotoka, namba ya mtengenezaji, kisha herufi nyingine mbili. Hizo za mwisho ndizo muhimu. HT maana yake mbao zilipashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, ili wadudu wafe. Hizo tunazichukua. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu ambayo pia huharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana ikawekewa vizuizi chini ya Mkataba wa Montreal. Hizo haziingii karakana yetu. Hata yenye HT tunaigeuza na kuinusa kwanza, kwa kuwa muhuri unaeleza jinsi ubao ulivyotibiwa na hausemi lolote kuhusu kilichomwagikia juu yake njiani. Yenye doa la mafuta au harufu kali tunaiacha ilipo.

Kuibomoa nako kuna adabu yake. Anayeanza huchukua mtarimbo, akauchokoa ubao kwenye ncha, na ubao unapasuka pale pale kwenye msumari, kwa sababu misumari ya mapaleti ina mikunjo inayong'ang'ania mti. Sisi tunapitisha kisu cha msumeno wa chuma kwenye upenyo ulio kati ya ubao na gogo lake, tukaikata misumari humo humo. Ubao unatoka mzima na vichwa vya misumari vimebaki vimezama ndani yake. Ukitazama kwa karibu meza ile ya chini utaviona, vidoti vyeusi vilivyozungukwa na kivuli cha kutu. Wateja hudhani tumevichora.

Jambo la pili ni rangi, na hapa tunaomba kusema bila kuficha. Kuna mtindo umependwa sana wa milango na madirisha ya zamani yenye rangi inayobanduka, watu wakaviegemeza ukutani au kuvifanya vichwa vya vitanda. Kwa macho vinapendeza. Tatizo ni kwamba rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na ziko nchi zilizochelewa zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao hutambaa kwenye vumbi na kutia vidole mdomoni. Kwa hiyo mlango wa zamani wenye rangi inayomomonyoka, ukiwekwa chumba cha mtoto, kwetu sisi si pambo hata kidogo. Wala hatupigi msasa mkavu rangi ya umri tusioujua, maana hapo ndipo vumbi linapopaa. Tunailowesha, tunaikwangua ikiwa mbichi, tunayakusanya maganda yote, na pale tusipokuwa na uhakika tunauacha mlango uende zake. Ni hasara, na mafundi wenzangu hapa wanajua jinsi inavyouma kuuacha ubao mzuri wa mti mgumu.

Ubao ukishakuwa safi tunaupaka mafuta ya kitani, yanayoingia ndani ya mti na kukauka humo. Nayo yana hatari yake ambayo wengi hawaijui: kitambaa kilicholowa mafuta hayo, kikifinyangwa na kutupwa kwenye ndoo, hujipasha joto chenyewe jinsi kinavyokauka na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Ndiyo sababu ya ile kamba ya nguo nyuma ya karakana, ambako matambara yetu yametandazwa moja moja. Mgeni mmoja alitaka kujua tunamfulia nani.

Upande wa washonaji, Mheshimiwa, mambo ni mepesi zaidi na hayana sumu. Fulana moja ya pamba inakadiriwa kutumia lita zipatazo 2,700 za maji tangu shambani hadi dukani, na bado watu huigeuza tambara la kufutia vumbi ikichanika kwapa tu. Washonaji wetu huikata kwa kuzunguka, kuanzia pindo la chini kwenda juu, wakapata utepe mmoja mrefu usio na kiungo. Utepe ukivutwa, kingo zake hujikunja zenyewe na hauchomoki nyuzi. Tepe tatu zinasukwa kama nywele, msuko unazungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu, na hilo ndilo zulia la duara mlilolikanyaga mlipoingia. Linafuliwa, linaanikwa, linarudi. Suruali za jinzi tunazitenga kwa mito na viti, kwa sababu kitambaa chake ni kigumu na mifuko yake ya nyuma tunaiacha palepale. Inafaa kuwekea rimoti.

Kuhusu mwanga, chupa ya kioo inaweza kuyeyushwa na kufinyangwa tena mara nyingi bila kupoteza ubora, lakini tanuri la kioo huhitaji joto la karibu nyuzi 1,500. Chupa hiyo hiyo kuwa taa inahitaji keekee, ncha maalumu ya kioo, na maji yanayodondoka muda wote ili isipate joto na vumbi lisiruke. Tunatoboa karibu na kitako, tunaziba ukingo wa tundu kwa mpira ili waya usikatwe, na waya wenyewe huwa mpya siku zote. Waya wa zamani hauna nafasi kwetu. Balbu ni ya LED, ambayo hutumia umeme pungufu kwa takribani asilimia 75 kuliko balbu ya kizamani na haiunguzi kifuniko cha taa cha karatasi au kitambaa. Kwa nyumba yenye paa la bati na chumba chenye giza mchana, tumeonyesha pia wazo la fundi makanika wa Brazili, Alfredo Moser, aliyeanza mwaka 2002 kupachika kwenye paa chupa za plastiki zilizojaa maji na kiasi kidogo cha dawa ya kuondoa madoa, ili maji yasiote ukijani. Jua likiipiga chupa, mwanga husambaa chumbani kama wa balbu ya wati 40 hadi 60, bila umeme wowote. Usiku, bila shaka, giza linabaki giza.

Matairi tumekubaliana yasivuke kizingiti cha nyumba. Yakipata joto yananuka, na nje yakiachwa wazi yanatunza maji ya mvua ambamo mbu huzaliana. Anayeyataka kwa bustani tunamtobolea matundu chini, basi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi hii ina vikwazo. Cha kwanza kinachekesha: watu wametufanya jalala lao. Mtu anashusha godoro lililooza mlangoni kwetu, anasema "mtaona la kufanya", anaondoka akijisikia amehifadhi mazingira. Cha pili hakichekeshi. Vitu vizuri vinapofika jalalani huwa tayari vimelowa, vimesagwa au vimechanganywa na uchafu. Kabati zima, lililokosa bawaba moja tu, linageuka kuni ndani ya dakika chache chini ya magurudumu ya lori.

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni eneo lenye paa, pembeni ya mahali taka zinapokusanywa, ambapo vitu vinavyofaa vitawekwa kando kabla ya kushindiliwa. Halihitaji kuwa la fahari. Kinachohitajika ni paa, lango, na mtu mwenye jicho la fundi. Tunaomba pia ofisi na shule zinapobadilisha samani ziziite karakana kama zetu kwanza, na ziuze au zitoe kwa kipande kimoja kimoja, kwa sababu tukiambiwa tununue shehena nzima hatuwezi. Tunaomba vipimo vya kutambua risasi kwenye rangi, ili tuache kukisia. Na pale utakapokaa na wenye viwanda, tusemee jambo moja: samani zinazofungwa kwa skrubu zinatengenezeka, zilizogandishwa kwa gundi na kubanwa kwa pini ni shida kuzitengeneza. Tunajua si rahisi kuwashawishi. Mwaka 1963 kampuni ya bia ya Heineken ilitengeneza chupa za mraba zipatazo 100,000, zilizosanifiwa na John Habraken ili zikishanywewa zijengewe nyumba kama matofali. Wazo likaishia njiani. Lakini chupa hizo zilithibitisha kwamba kitu kinaweza kupangiwa maisha ya pili tangu kikiwa kwenye karatasi ya msanifu, na hilo ndilo tunalolitaka kwa kabati na kiti.

Mwisho, tumekuandalia zawadi ya kigoda. Kalio lake lilikuwa ngazi ya staha, miguu yake ilikuwa fremu ya dirisha, na chini yake tumeandika kwa kalamu ya moto kila kipande kilikotoka. Kikilegea, kilete. Tutakikaza bure.

Baada ya kusema hayo, tunakuomba kwa heshima na taadhima uyafungue rasmi maonyesho yetu. Mkasi wa kukatia utepe uko mezani, na tunaomba utepe ukatwe katikati, kwa sababu washonaji wameshaupangia kazi.

Naomba kuwasilisha.