Barua ya Wazi kwa Wahasibu Vijana wa Moshi na Arusha

Wanangu,

Nimestaafu baada ya miaka mingi ya kufunga hesabu hapa Moshi, na ninawaandikia juu ya jambo ambalo sikulijua siku nilipofaulu mtihani: ujuzi wa wafanyakazi huusukuma mkono wa mhasibu.

Kampuni inayotegemea vibarua hupata wengine kesho yake getini. Inayotegemea mwonjaji wa kahawa, fundi mitambo au mwongoza watalii anayezungumza Kijerumani haina wepesi huo, na watu hao wakinusa hasara huanza kuulizia nafasi kwingine. Hapo mwajiri humwita mhasibu na kumwomba “aangalie tena” hesabu ili faida ionekane kubwa: muda wa uchakavu wa mashine (miaka ambayo gharama yake hugawanywa) urefushwe, tengo la madeni mabaya (fedha inayotengwa kwa madeni yasiyotarajiwa kulipwa) lipunguzwe, mauzo ya Januari yaingizwe Desemba. Mazungumzo ya mishahara yakikaribia, mwajiri yule yule hutaka faida ionekane ndogo.

Viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo Tanzania imevifuata tangu 2004, vina sehemu yao katika tatizo hili. IAS 38, kiwango cha mali zisizoshikika, inataka gharama za mafunzo ziandikwe kuwa matumizi ya mwaka huo huo, na kwa kawaida hairuhusu ujuzi wa wafanyakazi kuingizwa kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni ya kampuni), kwa kuwa kampuni haina mamlaka ya kutosha juu yake. Basi mashine imo kwenye mizania, anayeijua mashine hayumo, na anayetaka faida ipendeze hukata mafunzo kwanza bila kuvunja kanuni yoyote. Kiwanda kimoja nilichokitumikia kilifuta mafunzo ya waonjaji, faida ikapanda, nami nikaandaa hesabu zile bila kusema neno. Mwaka uliofuata waonjaji wawili walihama, na tukabaki kubishana na wanunuzi juu ya madaraja ya kahawa yetu wenyewe.

Hata hivyo, ujuzi huohuo ni kinga dhidi ya hesabu za uongo (na hili waajiri hawalipendi sana), kwani karani wa stoo anayeweza kusoma leja huona mapema mzigo uliouzwa kwenye karatasi ilhali bado umelala ghalani. Mfundisheni.

Mkiombwa kubadili makadirio, kama ule muda wa uchakavu au tengo la madeni, daini sababu kwa maandishi. IAS 8, kiwango kinachohusu mabadiliko ya makadirio, inataka aina na kiasi cha badiliko vielezwe katika maelezo ya hesabu. Katika taarifa ya wakurugenzi, shaurini itajwe idadi ya wataalamu walioondoka na fedha iliyotumika kuwafunza waliobaki. Mwenye kampuni akikataa, mwandikieni barua, nanyi mbaki na nakala.